Nyuma ya Mlango Kuna Nini?

Huenda ukashangaa kuona ukurasa wa ndoa ukizungumzia viatu, miavuli, majembe na misumari. Tumezoea kusoma hapa habari za fedha, za wakwe, za ulevi na za malezi ya watoto, na hayo kweli ni mambo mazito. Lakini yeyote aliyewahi kuketi na wanandoa waliokosana, akawasikiliza kwa utulivu hadi mwisho, anajua jinsi maneno yanavyokuja. Kwanza huja yale makubwa. "Hanijali." "Hanisikilizi." "Amenifanya mfanyakazi wake." Ukiuliza kwa upole amekufanyaje mfanyakazi, mama hunyamaza kidogo, halafu anataja jambo ambalo yeye mwenyewe huona haya kulitaja mbele ya wazee: "Kila siku akiingia anavua viatu katikati ya mlango, na mimi ndiye ninayeviokota."

Wazee hucheka, mazungumzo yakarudi kwenye mambo makubwa, na lile la viatu likasahauliwa. Mimi naona lile la viatu ndilo lilikuwa jibu.

Tazama mahali tunapokaa. Nyanchwa ni kilima kinachoutazama mji wa Kisii, na mwenyeji wa hapa hahitaji kuelezwa habari za matope. Sehemu hizi hupata mvua ya milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka, na hakuna mwezi ambao unaweza kuapa kwamba haitanyesha. Asubuhi jua, saa nane mawingu, saa tisa mvua, na pengine mvua yenyewe ni ya mawe. Udongo wetu mwekundu hushika kiatu kama gundi. Mtu akipanda kutoka soko la Daraja Mbili jioni, hufika kwake akiwa amebeba miguuni kipande cha shamba la jirani.

Kwa hiyo mlango wa nyumba, kwetu sisi, si mahali pa kupita tu. Ni mahali pa kuvulia, pa kukung'utia, pa kutundikia na pa kutulia mzigo. Katika nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, hapo mlangoni utakuta gambuti za baba, patipati za watoto, mwavuli uliovunjika mbavu, jembe, mtungi wa maji, begi la shule na nusu ya mkungu wa ndizi. Usiku ukiingia, pikipiki ya boda boda nayo huingizwa ndani isiibiwe, ikalala hapo hapo ikidondosha oili. Hatua mbili za sakafu zinabeba shughuli za watu sita.

Sasa swali ninalotaka tulitafakari ni hili. Vitu hivi vikikaa ovyo, ni kosa la nani, na ni kosa la namna gani? Je, ni uchafu tu, au ni jambo la haki kati ya mume na mke?

Wengi watajibu kwamba ni usafi, na kwamba usafi ni kazi ya mama. Siafiki. Usafi na utaratibu ni mambo mawili. Nyumba yaweza kupigwa deki mpaka ikang'aa na bado mtu asijue ufunguo uko wapi. Na nyumba ya udongo, sakafu yake ya kukandika, yaweza kuwa na msumari mmoja ambao tochi imetundikwa miaka kumi, hata mtoto wa miaka mitano akitumwa gizani huigusa bila kupapasa. Nyumba hii ya pili ina kitu ambacho ile ya kwanza haina. Ina makubaliano.

Maana kitu kuwa na mahali pake si kwamba ukuta unakipenda hapo. Ni kwamba watu wa nyumba wameafikiana, hata kama hawakuwahi kuketi wakasema, kuwa atakayekitumia atakirudisha ili atakayekuja baadaye akikute. Anayerudisha tochi anamfikiria mtu ambaye bado hajaihitaji, yule atakayeamka usiku wa manane mtoto akilia. Asiyerudisha naye haoni kwamba anamkosea mtu, kwa sababu mtu huyo hayupo mbele yake. Ndiyo sababu kosa hili ni gumu kuliona. Ukimtukana mkeo, unauona uso wake ukibadilika. Ukiliacha jembe majanini, unaona jembe tu.

Hata hivyo jembe halijirudishi. Yuko mtu atakayelirudisha, au atakayelitafuta. Ukichunguza utaona kwamba kila kitu kisicho na mahali pake kina mtumishi wake. Ndani ya nyumba yuko mmoja ambaye kichwa chake kimegeuzwa kuwa ghala. Yeye ndiye anayejua soksi ya pili iko wapi, nani aliazima mwavuli, na kiberiti kiliachwa kwenye dirisha gani. "Mama, begi langu?" "Mama watoto, ufunguo?" Anajibu akikoroga ugali, anajibu akinyonyesha, anajibu akiwa bafuni. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo na hakuna anayemshukuru, na siku akisahau analaumiwa. Basi yule mama aliyesema amefanywa mfanyakazi hakutia chumvi. Alieleza mambo yalivyo.

Najua bwana mmoja atasema, "Mimi hutoka asubuhi kutafuta riziki, yeye yupo nyumbani, basi avipange yeye." Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ingekuwa kweli kwamba yeye yupo nyumbani. Mama huyu wa Nyanchwa ni mwalimu, au ana meza ya mboga sokoni, au anashona nguo mjini. Na ukienda upande wa Nyamira, kule Kebirigo na Nyansiongo kwenye majani chai, jambo linaonekana wazi zaidi. Mama hutoka mapema na kikapu mgongoni. Yanayotakiwa ni majani mawili na kichipukizi, tena yachukuliwe kwa kikapu kinachopitisha hewa, maana yakishindiliwa ndani ya gunia la plastiki hupata joto, yakabadilika rangi, na karani wa kituo akayakataa. Lori la kiwanda nalo lina saa yake. Sasa jana jioni mtu alichukua kikapu kile akabebea ndizi, kisha akakiacha huko alikokiacha. Mama akizunguka nusu saa akikitafuta, nusu saa hiyo imetoka kwenye kilo zake, na kilo ndizo malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka. Katika nyumba nyingi nambari ya chai imeandikwa kwa jina la bwana. Hapo nanyamaza, msomaji apige hesabu mwenyewe.

Tusiwaonee wanaume lakini. Wako akina mama ambao koleo la fundi wamelifanya la kushikia sufuria, na bwana akienda kazini anaazima kwa watu kama asiye na vifaa. Na mwendesha boda boda anayeamka saa kumi na moja akakuta kofia yake imetagiwa mayai na kuku, huyo naye ana malalamiko ya haki.

Sisi Abagusii tuna sababu nyingine ya kuutazama mlango. Katika desturi zetu za heshima, zile tunazoziita chinsoni, baba mzazi haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akija kuwaona huwekewa kiti nje, na chai huletwa pale pale. Vijana wa mjini wamelegeza mengi, na mwenye kupanga ghorofani hana hata mti wa kumwekea mzee kivuli. Lakini wazee wengi hawajalegeza. Hebu fikiri, mzee huyu anajua nini juu ya ndoa ya mwanawe? Meko hajayaona, wala chumba cha kulala. Anachokiona ni kizingiti na kile kilicho nyuma yake mlango ukiwa wazi. Kama pale kumetundikwa nguo za ndani zinazodondosha maji, mzee atageuza kiti aangalie migomba, atakunywa chai yake haraka, na hatarudi upesi. Mkaza mwana naye atabaki akijiuliza kwa nini baba mkwe hapendi kuwatembelea.

Wala si sisi peke yetu tunaoupa mlango heshima. Katika nyumba za kale za mawe kule Lamu, mtu akitoka njiani hufika kwanza kwenye daka, yenye mahali pa kuketi pande zote mbili, na mgeni aweza kupokewa hapo bila kuwaingilia watu wa ndani. Wajapani nao hutenga sehemu ndogo mara tu uingiapo, iliyo chini kuliko sakafu ya nyumba, nao huiita genkan. Viatu huvuliwa hapo, vikapangwa ncha zikielekea nje, tayari kwa safari ya kesho. Hata kanisani, bakuli la maji ya baraka liko mlangoni, na sijawahi kusikia mtu akiuliza leo limewekwa wapi. Sisemi tuwaige Wajapani. Nasema tu kwamba watu walio mbalimbali sana wameona jambo moja, kwamba anayetoka njiani anahitaji mahali pa kuyaacha mambo ya njiani kabla hajakutana na wa nyumbani. Mtu aliyegombezwa na mkubwa wake kazini, akikuta msumari wa koti lake na ubao wa viatu vyake, amepata dakika mbili za kutua pumzi. Akijikwaa kwenye ndoo, ule ugomvi wa kazini unaingia naye, na wa kwanza kukutana nao ni mkewe.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Ziko nyumba ambazo utaratibu umekuwa mjeledi. Mtoto anakuja mbio, karatasi ya matokeo mkononi, uso unang'aa, na neno la kwanza analolisikia ni "Viatu!" Baba anarudi amechoka, kabla ya kuamkiwa anaonyeshwa alama ya tope. Watu wa nyumba hiyo huingia kwao kama wezi, wakinyata. Huko vitu vina mahali pao, ila watu ndio hawana. Na wakati mwingine si mama anayefanya hivyo. Wako mabwana wanaopitisha kidole juu ya kabati kama mkaguzi wa serikali, nao hawajawahi kushika kitambaa cha vumbi maishani mwao.

Tutazitofautishaje nyumba hizi mbili, maadam kwa macho zinafanana? Mimi huuliza ni nani aliyechagua. Mahali palipochaguliwa na mmoja ni amri, na amri huhitaji polisi wa kuilinda. Mahali palipochaguliwa na wote hulindwa na wote. Tuliliona hili mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi, na haikuchukua muda milango mingi ikawa na mtungi wenye mfereji na kipande cha sabuni. Hakuna aliyebishana, kwa kuwa tuliogopa. Hofu ilipopungua, mitungi ikarudi jikoni mmoja mmoja. Iliyobaki ni ile ya nyumba ambamo watu waliona wenyewe faida yake, kama kwa fundi wa gereji ambaye watoto humkimbilia awabebe, au kwa mama anayetoka shambani akitaka kumshika mtoto mchanga.

Lakini yako mambo mawili ya nyuma ya mlango ambayo hayafai kungoja mazungumzo marefu.

La kwanza ni chupa. Mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia shamba aghalabu hununuliwa kidogo kidogo, zikatiwa ndani ya chupa ya soda na kuwekwa chini karibu na mlango, kwa sababu harufu yake haitakiwi ndani. Mtoto wa miaka miwili hasomi harufu. Anaona soda. Wauguzi wetu wamewapokea watoto wa namna hii mara nyingi mno. Chupa hiyo ikae juu, mahali pasipofikiwa hata kwa kiti, tena isiwe chupa ya kinywaji kamwe.

La pili nalisema kwa sauti ya chini. Nyumba nyingi huweka panga nyuma ya mlango kwa ajili ya mwizi. Naielewa hofu hiyo. Usiku wa mvua, bati likipiga kelele, mtu hasikii hatua za mgeni. Lakini mwizi huja mara moja kwa miaka kumi, na pengine asije kabisa. Hasira huja kila mwisho wa mwezi, karo na kodi ya nyumba zinapokutana. Panga halijui lililetwa kwa ajili ya nani. Mtu mwenye hasira, hasa akiwa amekunywa, hatafuti silaha. Hushika iliyo karibu na mkono wake. Kama ni lazima atoke nje, afungue ghala, anyooshe mkono juu ya rafu, hatua hizo chache zaweza kutosha jirani afike, au yeye mwenyewe aone anachotaka kufanya. Panga ni chombo cha shamba, likae na majembe. Mlango na ufungwe kwa komeo imara.

Kuna zaidi. Mke anayelala akijua panga lipo hatua mbili kutoka kitandani, hata kama mumewe hajawahi kuligusa kwa ubaya, analala na swali moyoni. Pengine hajawahi kulitamka. Bwana, mwulize. Usimwulize ukicheka.

Sasa tufanyeje? Chagueni Jumamosi moja isiyo na mvua, kama itapatikana, na wote wawili, pamoja na watoto, toeni nje kila kitu kilichoko mlangoni. Viwekeni uani. Kisha kwa kila kimoja mwulizane maswali mawili: nani hukitumia, na kikipotea nani hukitafuta? Mkikuta kitu kinatumiwa na mmoja na kutafutwa na mwingine, simameni hapo kwanza. Mtashangaa vitakuwa vingi. Kitu ambacho hakitumiwi wakati wa kutoka wala wakati wa kuingia, hakina haja ya kukaa mlangoni. Kirudi jikoni au ghalani.

Vifaa vyenyewe si vya gharama. Seremala yeyote ana vipande vya mbao alivyobakiza, na vipande viwili juu ya mawe ni rafu ya viatu vya familia nzima. Gunia la kukanyagia twalijua sote, ila likung'utwe. Misumari ya watoto ipigiliwe kimo chao, maana mtoto ukimpigilia msumari asioufikia umemfundisha kutupa koti chini. Mwenye nyumba akikataza kutoboa ukuta, na wengine hukataza kweli, ubao mmoja mrefu wenye misumari waweza kuegemezwa na kufungwa kwenye dirisha. Kwa vitu vidogo tafuteni kibakuli cha jiwe la Tabaka. Tunawauzia wageni vibakuli hivyo vikasafiri mpaka Ulaya, na sisi wenyewe tunaweka funguo juu ya redio.

Karibu na tochi tundikeni mfuko mmoja wenye kijitabu cha kliniki cha mtoto na nakala za vitambulisho. Homa ya mtoto hupenda kupanda usiku. Wazazi wakianza kulaumiana gizani kuhusu nani alikitumia kijitabu mara ya mwisho, boda boda inangoja nje na mtoto anazidi kuchemka.

Nimeuacha ufunguo mwisho kwa makusudi. Kufuli mpya huuzwa na funguo zaidi ya moja. Katika nyumba nyingi ufunguo wa kwanza uko mfukoni mwa bwana, na wa pili haujulikani uliko. Mama akirudi sokoni mvua ikinyesha, husimama chini ya bati la jirani, mtoto mgongoni, akimngojea mwenye ufunguo. Jirani akimkaribisha ndani anakataa, kwa haya. Bwana anapofika, anaweza kusema kwa kweli kabisa kwamba hakukusudia ubaya. Lakini yule aliyengoja saa nzima mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe amepata nafasi ya kutosha ya kufikiri ni ya nani. Wengine huficha ufunguo chini ya jiwe, na jiwe hilo ploti nzima inalijua, hata watoto wa jirani.

Leo jioni, mkishakula, ulizaneni ule wa pili uko wapi. Kama umepotea, mjini wapo mafundi wa kuchonga funguo, na kazi yenyewe si ya muda mrefu. Anaweza kukuchongea ukiwa umesimama pale, ukarudi nao nyumbani kabla mvua haijaanza.